Dele la babu linatoka kama plastiki kila nikilichora. Nakosea wapi?

Mchoraji_Ngamiani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Nachora kwa rangi za mafuta, huu mwaka wa nne. Sikusomea. Nilianza na nyuso za watoto wa wodini kwa penseli, nikaja kwenye maua, kisha matunda. Embe na ndizi nazimudu. Nimekwama kwenye vyombo vya zamani, na safari hii muda haunisubiri.

Babu yangu mzaa mama alikuwa muuza kahawa Ngamiani. Yeye alifariki siku nyingi, nyumba akabaki nayo bibi, na bibi naye ametutoka mwezi wa tatu. Wajomba wamekubaliana vitu vigawanywe mwisho wa mwezi ujao. Dele, lile birika lake la kuuzia kahawa, linakwenda kwa mjomba aliyeko Muscat. Pasi ya mkaa anaichukua mama mkubwa. Taa ya chemli hakuna aliyeitaka, imekuwa yangu. Kabla havijatawanyika nataka nivichore vyote vitatu pamoja, juu ya meza ileile ya jikoni kwa bibi, kwa ukubwa wake halisi. Nataka mtu akiitazama picha aujue uzito wa lile dele, maana mimi nilikuwa nalibeba kwa mikono miwili nikiwa darasa la pili.

Dele lenyewe ni la shaba ya manjano, kitako kimeshika masizi kwa kuishi juu ya mkaa, na kwenye maungio ya mdomo kuna kutu ya kijani. Nimeshalichora mara tatu. Mara ya kwanza lilitoka manjano tupu. Mara ya pili nikaongeza mng'aro mweupe kila mahali palipowaka, likawa jagi la plastiki la juisi. Mara ya tatu nilifuata video moja, nikalainisha rangi kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye giza polepole kama nilivyozoea kwenye embe. Limetoka safi sana, lakini si shaba.

Kuna mengine yananisumbua. Mdomo wa juu, shingo na kitako kila kimoja kimeelekea upande wake. Video zote zinasema mchoraji akae kwenye dirisha la kaskazini, mimi nimekaa dirisha la kaskazini, na saa sita mchana jua linanipiga juu ya meza. Nikiwa zamu ya mchana nachora usiku kwa taa ya umeme, na asubuhi nikiitazama picha naona rangi nyingine kabisa. Sehemu nyeupe bado zinanata baada ya siku tisa. Na mama mkubwa amekuja na ukwaju na majivu anataka kulisugua dele "lipendeze kwenye picha". Nimemwomba asubiri mpaka nipate jibu hapa. Nimruhusu?

KalamuMbili

Dada, pole kwa msiba.

Kwa muda ulio nao mimi ningepiga picha ya simu nikaichapa kubwa, nikachora gridi juu yake na nyingine kwenye turubai, nikahamisha mraba kwa mraba. Shingo na kitako havitakupinda tena. Ila zipo tahadhari. Usisogee karibu na simu, tumbo la dele litavimba kuliko lilivyo. Simama kama mita mbili kisha ukate picha. Piga tatu: moja uguse skrini palipo na giza, moja palipo na mwanga, moja katikati, kwa sababu simu haiwezi kubeba masizi na mng'aro kwa mara moja. Utachora huku unazitazama zote tatu. Vitu vikishagawanywa, picha zitakuwa ndiyo akiba yako.

FundiMabango_Mvita

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa bibi.

Nimeandika mabango Mombasa tangu 1988: maduka ya vitambaa, vinyozi, mikahawa, vichwa vya malori. Mashine za kuchapa plastiki zilipoingia, kazi ikapungua, lakini mkono ulikuwa umezoea. Nikawa nanunua vyombo kwa vijana wa chuma chakavu kabla havijaenda kuyeyushwa, nikivichora nyumbani. Nina madele manne, mrashi mmoja, vinara, na pasi mbili za jogoo (za mkaa, zenye komeo la umbo la jogoo). Nimeharibu mbao nyingi kabla sijayajua haya ninayokuandikia.

Wewe unatafuta rangi ya shaba. Iache. Shaba iliyosuguliwa ni kioo kilichotiwa manjano. Unachokiona tumboni mwa dele ni dirisha, ukuta, meza, na wewe uliyekaa mbele yake, vyote vimepinda na kupita kwenye manjano. Chukua karatasi nyeupe, itoboe tundu la ukubwa wa punje ya choroko, funga jicho moja, ulichungulie dele kupitia tundu hilo, kipande kwa kipande. Utakuta pahali panapokaribia weusi. Utakuta kahawia yenye ukijani, na kijivu cha mbingu. Manjano yenyewe ni sehemu ndogo, labda utepe mmoja mwembamba karibu na dirisha. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani tundu linanidanganya.

Ndiyo maana embe lilikufundisha vibaya kwa kazi hii. Kwenye embe mwanga unateleza kuelekea gizani. Kwenye chuma kilichosuguliwa mwanga unaruka: utepe wa giza tupu umelala ubavuni mwa utepe wa mwanga, na kati yao ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe. Ukiulainisha ukingo huo umeshapata plastiki. Acha kingo zako zikiwa kali pale ambapo dele linang'aa, na zilegeze pale tu ambapo masizi na utusitusi vimeufunika uso.

Kuhusu rangi, weka mbali ile manjano ya limau. Mimi natumia oka ya manjano (manjano ya udongo), amba mbichi (kahawia ya udongo), siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu), altramarini (buluu nzito) na nyeupe ya titani. Giza la dele ni amba na altramarini, bila nyeusi ya kopo. Kati ni oka na amba. Upande unaotazama meza tia siena kidogo, maana mbao ya meza inajitazama hapo. Kutu ya kijani nitaifikia.

Sasa mng'aro. Kwenye shaba, hata mng'aro unabeba rangi ya shaba. Nyeupe yako itie tone la oka. Kwenye sahani ya bati la enameli au glasi mng'aro unabeba rangi ya dirisha, unakuwa mweupe wa kibuluu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwambia mtazamaji hiki ni chuma na hiki si chuma. Na usiuweke kila mahali palipowaka. Finya macho mpaka dele lote lififie. Pale panapobaki panawaka baada ya kila kitu kufifia ndipo pa kuweka, mara nyingi ni pawili au patatu, ukubwa wa kichwa cha pini, siku ya mwisho kabisa. Ukiweka mapema utaanza kuulinda na picha yote itakaa vibaya kwa ajili ya doa moja.

Na angalia unavaa nini. Kama unachora ukitoka kazini na sare nyeupe, ile nyeupe imo tumboni mwa dele, na kesho ukivaa dera jekundu dele limebadilika. Chagua nguo moja ya rangi iliyotulia, iwe ya kuchorea. Yuko mchoraji wa kike wa Flanders, Clara Peeters, ambaye mwaka 1612 alichora vikombe vya dhahabu na humo kwenye vinundu vya kikombe akajichora yeye mwenyewe, mdogo kama mdudu, mara kadhaa. Nawe umo ndani ya dele la babu yako. Jichore. Hata kama ni alama mbili za brashi, zitie.

Mdomo, shingo na kitako. Kila duara ukilitazama kwa upande linakuwa duaradufu. Lililo karibu na usawa wa jicho lako ni jembamba, na kadiri linavyoshuka linafunguka. Kwa hiyo ukikaa jicho likiwa sawa na kifuniko, kitako lazima kiwe wazi kuliko shingo. Anza na mstari mmoja wa wima katikati, utundike uzi wenye kijiwe uuhakikishe. Kila duaradufu ikatwe na mstari huo nusu kwa nusu, kushoto na kulia sawasawa, na yote yalale sambamba. Ncha zake zisichongoke. Watu wengi wanachora kitako chenye ncha mbili kama mtumbwi, hapo chombo hakikai mezani. Kisha geuza mbao juu chini uitazame. Kosa lililojificha siku tatu litakuja lenyewe. Kwenye mabango tulikuwa tukifunga kamba kwenye misumari miwili kuchora duaradufu kubwa, ila kwa dele mkono uliolegea toka begani unatosha.

Dirisha la kaskazini. Hiyo kanuni ni ya Ulaya, ambako jua halipiti kaskazini. Sisi tuko chini kidogo ya mstari wa ikweta. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa sasa hamishia meza dirisha la kusini, utapata mwanga uliotulia kutwa nzima. Ukifika mwezi wa kumi na moja rudi kaskazini. Nilihangaika na jambo hili miaka miwili kwa kuamini kitabu.

Kwa usiku, usichanganye. Picha ya dirisha ichorwe kwa dirisha tu. Kama zamu hazikuruhusu, basi iwe picha ya taa tangu mwanzo: tafuta katoni kubwa, ikate upande mmoja na juu, itandike kitambaa cheusi ndani, weka vyombo humo, na balbu moja tu kwa pembeni juu. Mwanga huo hautembei, na vivuli vitakusubiri mpaka urudi kutoka kazini. Ila taa ya kuangazia ubao wako iwe nyeupe na isiangaze vyombo.

Nimeliacha la ukwaju makusudi, kwa sababu kwangu ndilo kubwa. Usimruhusu mama mkubwa, mwambie kwa adabu asubiri.

Wanaochora vitu vya kale wengi wanatandaza uchakavu kama chumvi: kutu hapa, mkwaruzo pale, ili kitu kionekane cha zamani. Macho ya mtu hayakubali, hata kama hajui kwa nini. Uchakavu una sababu. Dele la muuza kahawa limeshikwa mahali pamoja maelfu ya siku, kwa hiyo mkono wake unang'aa bila kusuguliwa na mtu. Kitako kina masizi kwa sababu ya mkaa, na masizi yanapanda juu zaidi upande ule ambako upepo ulipeleka moshi. Kutu ya kijani imekaa kwenye maungio ya mdomo kwa sababu kidole na kitambaa havikuweza kufika pale. Tumboni kuna kubonyea; tafuta kubonyea huko kuko upande gani. Kabla hujashika brashi, keti na dele saa nzima na daftari, uandike: hapa pameshikwa, hapa pamepigwa, hapa maji yalisimama. Ukijua sababu, brashi itaenda yenyewe. Babu yako alikuwa anatumia mkono gani? Tazama mng'aro, dele litakwambia.

Kutu hiyo ya kijani uichore kavu, nyeupe na viridiani (kijani baridi) kidogo sana na oka, kwa brashi iliyokaribia kukauka, juu ya kahawia iliyokwisha kukauka. Haina mng'aro hata chembe. Ukavu wake ndio utaifanya shaba ya jirani iwake.

Pasi nayo hivyohivyo. Mwili wa chuma una kutu, na kutu inakunywa mwanga: siena ya kuchomwa, amba, na rangi ya chungwa kidogo kwenye kingo za matundu ambako majivu na unyevu vilikutana. Lakini uso wa chini ni laini kwa kupita kwenye nguo miaka yote. Na kishungi cha jogoo, tazama vizuri, lazima kinang'aa, kwa sababu kila aliyefungua pasi kutia mkaa alimshika jogoo hapo.

Gridi ya ndugu yangu KalamuMbili ni nzuri kwa kuweka mistari. Lakini rangi zichukue kwenye chombo. Simu inaona kwa jicho moja, wewe unaona kwa mawili, na uzito unaoutafuta uko kwenye tofauti hiyo.

Bi_Mkunazini

Fundi ameeleza vyema, Mungu amzidishie. Miye nipo Unguja, natengeneza na kuchora vitu vya ndani, na kwenye ukwaju sikubaliani naye.

Mwanangu, dele kwa watu wa pwani halikuwa chombo cha kuachwa na utusitusi. Nyumba yenye heshima ilisugua shaba yake, kwetu ilikuwa kila Alhamisi jioni, kwa ndimu au ukwaju na majivu ya jikoni, mpaka mtoto ajione uso. Bibi yako alipokuwa na nguvu bila shaka alifanya hivyo. Huo weusi unaouona sasa tumboni yawezekana ni wa miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi tena. Ukilichora hivi, unachora ugonjwa wake. Hilo ni lako kuamua, lakini uamue ukijua. Muulize mama mkubwa dele lilikuwa likionekana vipi asubuhi babu akitoka nalo. Yeye alikuwapo.

Sasa rangi kunata. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi zako hayakauki kama maji yanavyokauka. Yanashika hewa na kugeuka magumu, na hewa yetu yenye maji inayachelewesha. Tena kila rangi ina mwendo wake. Amba inakauka upesi, siku moja au mbili, kwa sababu ina manganizi ndani yake. Nyeupe ya titani ni mvivu, na nyeusi ya mfupa pia. Kwa hiyo tabaka la kwanza lichore kwa amba peke yake, jembamba, limetiwa tapentaini, giza na mwanga tu bila rangi nyingine. Likikauka ndipo uje na rangi zako, na kila tabaka la juu liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake. Ukigeuza mpango huo, la juu litakauka kabla ya la chini na picha itapasuka baada ya mwaka au miwili. Nina picha ya chetezo iliyopasuka hivyo, nimeitundika chumbani nikumbuke.

Usitumie mafuta ya taa badala ya tapentaini. Nilijaribu mwaka mmoja tapentaini ilipoadimika dukani, rangi ilibaki na utelezi wiki nyingi. Na usiifungie picha kabatini ikauke "isipate vumbi". Gizani mafuta ya kitani yanageuka manjano, na wakati wa masika kabati litakupandishia ukungu. Iegemeze ukutani penye hewa na mwanga, uso ukielekea ukuta kidogo, uachie nafasi ya mkono mmoja.

Kwa muda ulio nao, rangi nene nyeupe usiweke kabisa ila hayo madoa matatu ya Fundi.

Mchoraji_Ngamiani

Nawashukuru nyote, nimesoma mara nyingi.

Nimehamia dirisha la kusini, ni kweli, mwanga haukusogea tangu saa tatu mpaka saa tisa. Nimevaa khanga ya kahawia. Nilikaa na daftari kama ulivyosema, baba. Mkono wa dele unang'aa upande wa kushoto. Nikampigia mama, akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, babu alikuwa akimimina kwa kushoto, kwa sababu kulia alishika finjani na kuzigonganisha, kelele hizo ndizo zilizomwita mteja. Sikuwahi kujua. Nimezaliwa yeye akiwa amekwisha kuacha kutembeza.

La ukwaju nilimuuliza mama mkubwa. Alisema asubuhi dele lilitoka linang'aa na jioni lilirudi jeusi kitakoni, na bibi alikuwa halali mpaka amelisugua. Tumekubaliana hivi: nalichora lilivyo, kwa sababu ndivyo lilivyo sasa na ndivyo nilivyolikuta. Nikimaliza, yeye atalisugua kabla halijasafiri, mjomba alipokee likiwa safi kama bibi angelipeleka.

Tabaka la amba limekauka kwa siku moja na nusu. Karatasi ya tundu imenitisha. Ubavu wa kulia wa dele niliokuwa naupaka manjano ni karibu mweusi. Nimeupaka hivyo na sasa dele linakaa mezani. Nilisimama mlangoni nikalitazama, nikaona lina uzito.

Kilichobaki kunishinda ni kioo cha taa ya chemli. Kila nikikichora kinakuwa kama kimejazwa maziwa. Na kwa juu kina moshi.

KalamuMbili

Hapo kwenye tundu la choroko nimejaribu jana kwa sufuria ya mama. Sikutarajia. Dada, samahani, nimeelewa kwa nini Fundi alisema rangi zichukuliwe kwenye chombo, si kwenye picha ya simu.

FundiMabango_Mvita

Hiyo habari ya mkono wa kushoto nimemsomea mke wangu.

Kioo usikichore. Chora kwanza kilicho nyuma yake, ukuta na waya wa taa unaopita nyuma, kana kwamba kioo hakipo, ila rangi iwe imepungua ukali kidogo sana. Halafu tafuta pale ambapo kioo kinaonekana chenyewe. Ni kwenye kingo mbili za pembeni, ambako unene wake unakutana na jicho: hapo kuna mstari mwembamba wa giza, na ndani yake mstari wa mwanga. Waya wa nyuma ukipita kwenye kingo hizo unapinda au unakatika. Uupinde kama unavyouona, hilo peke yake litasema kioo. Kisha dirisha, mara mbili: moja limepinda kwenye tumbo la mbele, kubwa na kali, na jingine dogo hafifu kwenye ukuta wa nyuma wa kioo, limepinda kinyume. Mengi yanatoka maziwa kwa sababu mtu anapaka weupe katikati ambako hakuna kitu.

Mng'aro hapa usitie oka. Uwe mweupe wenye ubuluu wa mbingu ya dirisha lako la kusini. Ukiweka karibu na mng'aro wa dele utaona vile viwili vinasemezana.

Moshi wa juu upake mwisho, rangi ya kioo ikiwa imekauka kabisa: amba na altramarini, mafuta kidogo, kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa kwenye kidole, ukipanda juu na kuachia. Moshi unakuwa mzito upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu utambi haukukatwa sawa. Uwashe utambi dakika chache uone unaelekea wapi, uzime, uache ipoe.

Halafu kuna kizibo cha tangi la mafuta. Nacho kimeshikwa sana. Kitazame.

Picha ikimalizika itume hapa, uipige mchana kivulini, bila flashi.